Kutoka Kumi Hadi Moja: Miradi ya Shule kwa Kipimo cha Jasho la Mzazi

Mtaala wa umilisi ulipoanza rasmi nchini Kenya Januari 2019, kwa gredi ya kwanza hadi ya tatu, tuliambiwa kwamba mtoto hatakaririshwa tena, atatenda. Hatukuambiwa ni nani atakayemshikia mkasi. Tangu hapo kila mradi unaotoka nyumbani una jina la mtoto juu ya jalada na gundi yake imeganda chini ya kucha za mama.

Basi hii ni orodha ya miradi na shughuli kumi zilizopita nyumbani kwetu Kisauni, Mombasa, kuanzia nyepesi hadi ile ya kuombewa dua. Kipimo ni kilekile wanachopimiwa watoto. Zamani mtoto alikuwa na alama zake kati ya 500. Jirani akikuuliza unamtajia namba, naye anakwenda zake kuitangaza. Mtihani wenyewe, KCPE, ulifanywa mara ya mwisho 2023. Sasa ripoti inasema mtoto amezidisha matarajio, amefikia matarajio, anakaribia matarajio au yuko mbali na matarajio. Bibi yao, yaani mama mkwe wangu, alisomewa ripoti ya kwanza, akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akauliza: “Sasa amepita au hakupita?”

Hajajibiwa hadi leo.

10. Mpira wa matambara

Huu uko chini kabisa kwa sababu mimi sikuugusa. Baba watoto alisikia neno “mpira” tu, akaacha taarifa ya habari. Akakaa sakafuni na soksi kuukuu, matambara na kamba, akaanza kumsimulia mwanawe jinsi wao walivyokuwa wakisokota mpira kwa mifuko ya plastiki, ukadunda hasa. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Agosti 2017, na kwa uchungu aliokuwa nao ungedhani serikali ilikaa kikao kwa nia ya kumkomoa yeye.

Mtoto akaomba afunge kamba. Akaambiwa angoje. Akangoja. Akaenda kutazama katuni. Mpira ulipokuwa tayari, baba mtu akatoka nao kwenda kuujaribu na vijana wa mtaani, na ulipofika shuleni siku ya pili yake ulikuwa umeshapata majeraha.

Tathmini: baba, amezidisha matarajio. Mtoto hakuwepo.

9. Picha za kuchapisha

“Leta picha za watu wanaotusaidia katika jamii.” Unashika njia kwenda saiba.

Kijana wa saiba ni mzazi wa tatu wa kila mtoto hapa mtaani. Unaanza kumweleza shida yako, anakukata kauli: “Gredi ya ngapi?” Ukimtajia, anafungua faili lake, na humo daktari, polisi, mkulima, mwalimu na mzimamoto wameshajipanga kwenye ukurasa mmoja, kazi yako ni kulipa. Siku moja nilikwenda kutoa nakala ya kitambulisho, akaniuliza kwa upole kama nimefuata na wanyama wa nyumbani, maana wenzangu wameshachukua wao. Ndivyo nilivyojua kwamba tuna kazi ya nyumbani.

Rangi ina bei yake. Kwa hivyo katika daftari la mwanangu mzimamoto anazima moto wa kijivu.

8. Mbegu kwenye mkebe

Maharagwe mawili, pamba, mkebe, dirisha lenye jua. Unaweza kudhani hapa mzazi atapumzika.

Kinachoua mmea wa shule ni mapenzi. Mtoto anaumwagilia maji akiamka, akirudi shule, akitoka kwenda madrasa, akirudi madrasa, na mara moja zaidi kabla ya kulala asije akalala na kiu. Siku ya nne mkebe unanuka. Mzazi mwenye akili hupanda wa akiba nyuma ya mlango wa jikoni bila kusema na mtu. Mimi nilikuwa nimechelewa, nikakimbilia pojo. Maharagwe yana maringo yake, yatachipua yakijisikia. Pojo ukiiroweka leo, kesho kutwa imeshachungulia.

Mwenye mradi akautazama mkebe wake kwa muda. “Mama, mbona maharagwe yangu yamekonda?”

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani. “Yamefunga,” nikamwambia.

7. Kupika, na ushahidi wa picha

Mtoto apike, mzazi apige picha, picha ipelekwe kwa mwalimu. Mahamri ya mkupuo wa kwanza yaliliwa kabla simu haijafunguka. Ya mkupuo wa pili pia. Picha iliyofika shuleni ina mtoto aliyejaa unga hadi nyusi, sahani yenye makombo, na nyuma yake mwanamume mzima anayetazama pembeni huku shavu moja limevimba.

Tathmini ya mwalimu: amefikia matarajio. Hakufafanua ni nani.

6. “Ni ya kesho”

Huu ni wakati wa siku, lakini umekula nguvu zangu kuliko miradi mingi, kwa hiyo nauhesabu. Wakati wenyewe ni saa tatu za usiku. Vyombo vimeoshwa, sare imepigwa pasi, umenyoosha miguu. Anatokea mlangoni, na kwa jinsi alivyosimama unajua.

“Mama, mwalimu amesema tulete karatasi ya manila, rangi ya maji, vifuniko vya chupa na jani kavu la mti wowote.”

“Lini?”

“Kesho.”

“Alisema lini?”

“Jumatatu.”

Leo Alhamisi. Unafungua kundi la WhatsApp la wazazi kwa matumaini kwamba mmeghafilika wote. Wapi. Kuna mama mmoja, na kila darasa lina wake, aliyetuma picha ya mradi uliokamilika tangu saa kumi na moja jioni, umekaushwa, umewekewa fremu, chini yake ameandika: “Tumejaribu tu, jamani.” Baada yake kuna wazazi waliomwekea mikono ya kupiga makofi, na baada yao baba mmoja anayeuliza kama kesho kuna shule.

Vifuniko vya chupa alivitoa muuza soda wa chini ya jengo, akavihesabu na hakuuliza kitu. Yeye ana watoto watatu.

5. Shairi la kughani

Tamasha la Muziki la Kenya lipo tangu 1927, na naamini tangu mwaka huo kuna mama mahali fulani anayesikiliza mstari mmoja ukirudiwa kutoka magharibi hadi isha.

Sisi hatukupewa hata mstari. Katika kikundi cha watoto wengi, wetu alipewa neno moja. Wenzake wanamuuliza kwa pamoja, naye anapiga hatua mbele, anainua mkono, anakunja uso na kunguruma: “Hapana!” Basi. Anarudi nyuma.

Neno hilo lilifanyiwa mazoezi kwa moyo wote. “Umekula?” Hatua mbele, mkono juu: “Hapana!” “Umeswali?” “Hapana!” “Hebu nipe hiyo rimoti.” Mnajua. Shangazi yake alikuja kutusalimia, akamuuliza kama amemkumbuka, na ilibidi tumshike shangazi asirudi kwake usiku uleule.

Tamasha lina ngazi: kanda, kaunti ndogo, kaunti, eneo, kisha taifa. Kila ngazi ina nauli yake na nguo yake, na kwenye kila ngazi majaji huona kwamba kilemba cha ngazi iliyopita hakikuwa na uhai. Mzazi huwaombea watoto washinde, ila wasishinde sana. Wetu waliishia kaunti ndogo. Watoto walilia, sisi tuliwapangusa machozi kwa huzuni iliyopimwa vizuri.

4. Siku ya utamaduni

Kila mtoto aje na vazi la jadi na kifaa kimoja cha kwao. Kifaa chetu kilikuwa mbuzi ya nazi. Mwalimu aliipenda, akaiweka kwenye meza ya maonyesho, na meza ya maonyesho haikuvunjwa mpaka wiki ya pili. Kwetu wali bila nazi huhesabiwa kuwa chakula cha mgonjwa. Tuliumwa sote.

Vazi alilichagua bibi mtu, kwa sababu bibi ana sanduku na sisi tuna kabati tu. Akatoa doti ya leso iliyokunjwa na asumini, akamfunga mjukuu wake, akamgeuza huku na huku, akaridhika. Hakuna aliyesoma maandishi. Yalisomwa shuleni, mbele ya wazazi wote, mtoto alipopanda jukwaani na kugeuka nyuma kama alivyofundishwa: “Mdhaniaye ndiye siye.”

Kicheko kilianzia viti vya nyuma. Viti vya mbele hakukuwa na kicheko. Kuna mama wawili ambao hadi leo kila mmoja anaamini leso ile ililetwa kwa ajili yake, na sijaona sababu ya kuwatuliza.

3. Sanamu ya kutishia ndege

Mzazi yeyote aliyepitia gredi ya nne (nasema aliyepitia, maana tunaipitia sote) anaujua mradi huu wa somo la kilimo. Unachukua vijiti viwili, unavifunga msalaba, unavivisha nguo mbovu, unatia kichwa, unasimamisha shambani, ndege wanakimbia, mimea inapona.

Shamba letu ni roshani ya ghorofa ya tatu, na ndani yake mna sukumawiki ya gunia, nao ni mradi wa muhula uliotangulia. Ndege wetu ni kunguru.

Asiyeishi Mombasa itabidi aelezwe. Kunguru hawa asili yao ni Bara Hindi, na waliletwa Unguja kwenye miaka ya 1890 wasaidie kula taka. Walisaidia. Kisha wakaona pwani nzima ni nzuri, wakahamia. Wanakula vifaranga, wanakula mayai ya ndege wengine, wanaingia hotelini na kula kwenye sahani ya mtalii huku mtalii akitazama. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kabla mwaka haujaisha, kwa sumu na kwa mitego, pamoja na wataalamu na wenye hoteli.

Dhidi ya adui huyo, mwanangu alipewa fulana ya babake na kifuu cha nazi.

Alikitia kifuu macho kwa makaa, akakivalisha kofia, akamtundika mtu wake juu ya gunia. Lazima niseme alipendeza, hata mlinzi wa jengo alimsalimia mara mbili. Kunguru wa kwanza alikuja kabla ya saa sita. Alitua kwenye ukingo, akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule, akapanda begani. Akaita mwenzake. Mwenzake akakalia bega la pili. Walipomaliza maongezi yao wakachomoa uzi wa kofia kwa ajili ya kiota na kuondoka bila haraka.

Mradi ulitaka maelezo ya matokeo. Nilimwambia aandike alichokiona kwa macho yake. Akaandika: “Ndege waliipenda.”

Mwalimu akampa kukaribia matarajio. Ukiniuliza mimi, katika mji ambao serikali imetuma watu wenye sumu na bado kazi haijaisha, kukaribia ni heshima kubwa.

2. Ukili

Kazi ilikuwa ndogo: msuke kipande cha ukili chenye urefu wa rula. Lau shule ingejua nyumba hii ina nani, ingetupa kazi nyingine.

Nyakati zetu za mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, tulikuwa na sanaa na ufundi, tulikuwa na sayansi kimu, na yalikuwa masomo ya mtihani hadi yalipoondolewa humo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mamangu hakuwa na habari nayo. Nilichonga mwiko peke yangu, ukapasuka katikati, nikapewa alama za mwiko uliopasuka, na hapakuitwa kikao cha ukoo. Siku hizi mtoto akipewa ukili hukusanyika vizazi vitatu.

Bibi alipigiwa simu aulizwe miyaa inapatikana wapi. Hakujibu swali, alikuja nayo. Ilikuwa imeshakaushwa, nyingine imetiwa rangi ya zambarau. Akaagiza beseni la maji, akairoweka ilainike, akaichana kwa ukucha wa kidole gumba nyuzi zikatoka sawasawa bila kuzitazama, akakunja miguu mkekani na kumwambia mjukuu wake: “Tazama.” Mjukuu akatazama. Vidole vilipita juu, chini, juu, chini, kila baada ya muda mwaa mpya ukachomekwa na usionekane ulipoingilia. Mtoto akanyoosha mkono ajaribu. Alisuka kidogo, ukaenda mrama, ukawa na tumbo upande mmoja. Bibi aliuangalia kwa huruma, akaufumua, akasema, “Nenda kaniletee chai.”

Rula ilisahauliwa. Ukili ulikwenda pima moja, ukaenda pima mbili. Kisha akasema ukili mtupu hauendi mahali pa watu, akaanza kuushona ukingo kwa ukingo. Alfajiri ya siku ya kukusanya miradi tulimtoa mtoto mlangoni na mkeka wa kuswalia, umekunjwa chini ya kwapa.

Ulirudi na karatasi: “Kazi safi sana. Tunaomba mtoto afanye mwenyewe.” Na chini: anakaribia matarajio.

Nilijaribu kuificha. Bibi haoni vizuri lakini anahisi karatasi. “Nimepata ngapi?”

“Unakaribia, mama.”

“Nakaribia nini?”

“Matarajio.”

Kimya kikapita. “Huyo mwalimu,” akasema polepole, “ni mtoto wa nani?”

Nikamwambia sijui, ila si wa huku. Hilo lilimtuliza kidogo. Bado anataka mkeka upelekwe tena, kwa mtu mwingine, mwenye umri. Na amekataa katakata kusuka mwingine mbaya ili ufanane na kazi ya mtoto. Amesema wa kumwomba jambo hilo akamwombe mtu asiye na jina mjini.

Mwalimu, na hapa lazima nimsifu, alifanya jambo la akili. Alimsimamisha mwenye mradi mbele ya darasa aeleze hatua za kusuka ukili. Mtoto wetu hakusita.

“Hatua ya kwanza,” akasema, “unampigia bibi.”

1. Filimbi

Gredi ya nne tena. Ni filimbi ya plastiki yenye matundu, kubwa kidogo kuliko mswaki, na inauzwa madukani pamoja na sare bila onyo lolote.

Nilipoiona kwenye orodha ya vifaa nilifurahi. Haihitaji gundi. Haihitaji manila, saiba, wala bibi. Mzazi ananunua, anakabidhi, anaondoka. Na ndivyo ilivyokuwa: katika miaka yote ya miradi, hii ndiyo shughuli ya kwanza ambayo mwanangu aliifanya mwanzo hadi mwisho kwa mkono wake, kwa pumzi yake, kwa hiari yake, bila kukumbushwa. Mtoto ambaye huamshwa kwa kuvutwa shuka alianza kuamka mwenyewe apate muda wa mazoezi. Kila kilichoahidiwa na mtaala huu kilitimia chumbani kwetu, kwa noti tatu.

Noti ni tatu tu. Wanaanza na hizo. Mbili anazipata. Ya tatu anaitafuta, na anapoikaribia hutoka sauti ambayo paka wa ghorofa ya chini alihama kwa ajili yake. Kunguru pia wamepungua kwenye roshani. KWS wakitaka kuja kuona, karibu.

Baba watoto aligundua kwamba ana kazi nyingi ofisini kuliko alivyodhani. Mimi nilitunga sheria: hakuna filimbi kabla ya alfajiri, hakuna filimbi wakati wa adhana, hakuna filimbi mgeni akiwepo. Mtoto aliishika sheria vizuri sana. Mgeni akiinuka tu kuaga, akiwa bado anatafuta kiatu cha pili, chumbani inaanza. Jengo la pili wana mtoto wa gredi hiyohiyo. Jioni wetu hupuliza, kisha hunyamaza kusikiliza, na kutoka upande wa pili wa barabara huja jibu: noti zilezile mbili, na ileile ya tatu inayotafutwa.

Ripoti ya muhula ilipotoka, muziki uliandikwa amezidisha matarajio. Mwalimu akaongeza kwa kalamu nyekundu kwamba tuendelee kumpa moyo.

Wiki iliyopita jirani wa mlango wa pili alibisha hodi baada ya isha. Nilijua kilichomleta, nikajiandaa kuomba radhi, nikawa nimeshaipanga na sentensi yenyewe. Hakuja kulalamika. Alisimama pale mlangoni ameinamisha kichwa, na karatasi mkononi: orodha ya vifaa, binti yake anaingia gredi ya nne Januari. Alitaka kujua tulinunua wapi.

Nilimwelekeza duka. Nikamwambia zipo za aina mbili, ya bei nafuu na ya bei ghali, na kwamba ile ya ghali sauti yake inafika mbali zaidi.

“Chukua ya nafuu, mama,” nikamwambia. “Nakuomba.”

Alinitazama kwa muda mrefu, macho yake yakaenda chumbani ambako kulikuwa kunatafutwa noti ya tatu, yakarudi kwangu. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze, akasema atachukua ya ghali.